Kompyuta Kuukuu na Maagizo Yake

Msomaji, chombo kilichotengenezwa kwa mikono ya watu hufa kwa njia mbili. Njia ya kwanza yajulikana na kila mtu, nayo ni uchakavu. Jembe huliwa na udongo, baiskeli hushikwa na kutu, cherehani hulika meno yake ya ndani mpaka isishone tena. Njia ya pili ni ngeni, na mababu zetu hawakuijua hata kidogo. Chombo huweza kuwa kizima, viungo vyake vyote vikifanya kazi, walakini kikahesabiwa kuwa kimekufa kwa sababu watu walio mbali, ambao hawakukigusa kamwe, wameamua kutokishughulikia tena. Kompyuta nyingi hufa kifo hiki cha pili.

Huenda shuleni kwako mna kabati lililotiwa kufuli, na ndani yake mna vipakatalishi vilivyopangwa kama vitabu visivyosomwa. Ukiuliza, utaambiwa kwamba ni vibovu. Kiwashe kimoja ukiruhusiwa. Taa itawaka, feni itavuma, kioo kitang'aa. Kisha utangoja dakika tano au kumi kabla hakijawa tayari kuandikiwa barua. Ubovu huo ni wa namna gani, ambao hauna kiungo kilichovunjika? Nami nakusihi usiharakishe kujibu, kwa maana jibu lake ni kisa cha miaka zaidi ya 40, na ndani yake wamo watu waliotengeneza dawa bila ya kujua ni mgonjwa gani atakayeinywa.

Yakupasa kwanza kukumbuka kwamba kompyuta ni vitu viwili vilivyooana: mashine na maagizo. Mashine bila maagizo ni sanduku la madini na plastiki. Maagizo yaliyo makuu kupita yote huitwa mfumo wa uendeshaji. Huo ndio unaoamka mashine inapowashwa. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaosoma diski, unaopokea herufi zinazobonyezwa na kuzionyesha kiooni. Programu nyingine zote, ya kuandikia, ya kuchorea, ya kusomea habari, ni wapangaji katika nyumba yake. Nyumba ikiwa kubwa mno kuliko kiwanja, wapangaji hukosa mahali pa kukaa.

Sasa tazama jinsi nyumba hiyo ilivyokua. Mfumo wa Windows 95, uliotolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 1995, ulihitaji kumbukumbu isiyopungua megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ilitaka megabaiti 64. Vista ya mwaka 2007 ilitaka 512, na Windows 7 ya mwaka 2009 ikataka gigabaiti moja. Windows 11, iliyokuja mwaka 2021, yataka gigabaiti 4. Kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni zaidi ya mara elfu moja, katika muda wa miaka 26 tu. Barua ya kuomba kazi haikurefuka mara elfu katika miaka hiyo, wala insha ya mwanafunzi.

Kumbukumbu ikijaa, kompyuta haisimami, bali huanza kuhamisha vitu kutoka kumbukumbuni kwenda diskini na kuvirudisha. Hapo ndipo uvivu unapoanza. Mfikirie mwanafunzi mwenye dawati dogo lisilotosha ila kitabu kimoja, ambaye kila akitaka kufungua cha pili hana budi kukirudisha cha kwanza maktabani. Mwanafunzi huyo si mjinga wala si mgonjwa. Siku yake huishia njiani. Kipakatalishi cha kabatini chako aghalabu kiko katika hali hiyo hiyo.

Mswisi mmoja, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal ambayo wanafunzi wengi wa kompyuta waliisoma, aliandika mwaka 1995 kwamba programu huzidi kuwa nzito kwa kasi ipitayo ile ya mashine kuzidi kuwa nyepesi. Alikuwa mwalimu, na alisema kwa uchungu wa mwalimu anayeona daftari likijazwa maneno yasiyohitajiwa. Si haki lakini kusema kwamba uzito wote ulikuwa upuuzi. Sehemu yake ni ulinzi dhidi ya wezi, sehemu ni picha na sauti, sehemu ni herufi za lugha nyingi za dunia. Lakini sehemu nyingine, na si ndogo, ni pambo. Na kwa kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda, wanunuzi walilipokea pambo hilo kwa furaha na kuzitupa mashine zilizoshindwa kulibeba.

Labda utauliza: kwa nini mwenye kompyuta asiyapunguze maagizo hayo mwenyewe? Akiwa hataki pambo, si aling'oe? Swali hili ndilo kiini cha historia yetu. Maagizo ya kompyuta huandikwa kwanza kwa maneno na alama ambazo mtu aliyejifunza aweza kuzisoma; maandishi hayo huitwa msimbo wa chanzo. Kisha hugeuzwa yakawa mfululizo wa sifuri na moja, ambao mashine huuelewa lakini mwanadamu haumfai kitu. Kampuni nyingi zilishika desturi ya kuuza zile sifuri na moja, na kuyaficha maandishi. Ni kama fundi auzaye jahazi kwa sharti kwamba mnunuzi asitie kalafati kwa mkono wake. Likivuja, alirudishe kwa fundi. Na fundi akiwa amechoshwa na majahazi ya namna ile, basi na lizame.

Mtu aliyekataa sharti hilo kwa sauti kubwa kuliko wengine ni Mmarekani Richard Stallman. Alikuwa mtunga programu katika maabara ya akili unde ya chuo cha MIT, karibu na mji wa Boston. Mnamo mwaka 1980 maabara hiyo ilipewa mashine mpya ya kupiga chapa kutoka kampuni ya Xerox. Mashine ilikuwa nzuri, ila karatasi zilikwama mara kwa mara, na aliyetuma kazi yake kutoka chumba kingine hakujua mpaka apande ngazi akajionee. Katika mashine ya zamani Stallman alikuwa ameongeza maagizo ya kuwapelekea watu habari kila ilipokwama. Alitaka kufanya vivyo hivyo kwa ile mpya, lakini msimbo wake haukuletwa. Alimwendea mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliyekuwa na nakala, akamwomba. Mtaalamu alimnyima, kwa kuwa alikuwa ametia sahihi ahadi ya kutompa mtu.

Msomaji, jambo hili ni dogo kama punje ya mtama. Karatasi zilikwama, hakuna aliyekufa. Lakini Stallman aliona ndani yake desturi mpya ya ulimwengu, ambamo jirani amefungwa kwa kiapo asimsaidie jirani. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo mzima wa uendeshaji ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili na kumgawia mwenzake. Aliupa jina la GNU. Januari 1984 aliacha kazi yake MIT ili chuo kisije kudai umiliki wa atakachokiandika. Mwaka 1985 aliunda shirika la kuitunza kazi hiyo, na mwaka 1989 akatoa leseni iitwayo GPL.

Leseni hiyo yastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana sheria ndiyo iliyofanya kazi ambayo mashine peke yake isingeifanya. Haki ya mwandishi kwa kawaida hutumiwa kuwazuia watu wasinakili. Stallman aliigeuza kama mtu ageuzaye kanzu ndani nje: alitumia haki yake ya mwandishi kuamuru kwamba mtu awaye yote anakili na kubadili, ila akigawa alichokibadili atoe na msimbo wake, na asiwanyime wengine ruhusa ambayo yeye mwenyewe aliipewa. Kwa hiyo programu ikishatoka kwa leseni hiyo, nakala zile haziwezi tena kufungiwa sandukuni na mtu anayezirithi.

Hapa lugha yetu yatusaidia kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja tu kwa maana ya huru na kwa maana ya bure, na kwa sababu hiyo Stallman ameishi maisha yake yote akieleza kwamba hazungumzi juu ya bei. Mwaka 1998 baadhi ya wenzake walibuni jina jingine, linaloelekeza kwenye chanzo kilicho wazi, ili kuepuka utata huo. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya taabu hiyo. Akisema programu huria, hakuna adhaniaye kwamba amesema programu ya bure. Programu huria yaweza kuuzwa. Ile isiyo huria yaweza kutolewa bure, na bado mwenye kuipewa akawa mtumwa wake.

Kufikia mwaka 1991 GNU ilikuwa na vyombo karibu vyote vya nyumba: programu ya kuhariri maandishi, programu ya kugeuza msimbo kuwa sifuri na moja, na vingine vingi. Lakini nyumba haikuwa na msingi. Sehemu ya ndani kabisa, ile inayozungumza na mashine yenyewe na inayoitwa kiini, ilikuwa haijakamilika. Msingi ulitoka mahali ambapo Stallman hakupatazamia. Katika mji wa Helsinki, nchini Finland, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyeitwa Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alikuwa amenunua kompyuta Januari 1991. Ilikuwa na prosesa ya Intel 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4. Alitaka kujifunza jinsi prosesa ile ilivyofanya kazi. Tarehe 25 Agosti 1991 aliwaandikia wenzake kwenye mtandao kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji kwa kujifurahisha tu, na akawaonya kwamba hautakuwa mkubwa. Septemba alitoa toleo la kwanza, lenye mistari takriban 10,000 ya msimbo.

Profesa Andrew Tanenbaum wa Amsterdam, aliyekuwa ameandika mfumo mdogo wa kufundishia uitwao Minix, ambao ndio Torvalds alioanzia masomo yake, aliutazama mfumo huo wa kijana na mwaka 1992 akauhukumu hadharani kuwa umepitwa na wakati, tena umefungamana mno na prosesa moja. Walibishana kwa maneno makali. Lakini lililokuwa kubwa zaidi mwaka huo halikuwa ubishi wao. Torvalds alikuwa ameanza na leseni iliyokataza mtu kuuza mfumo wake. Mwaka 1992 aliiacha akaichukua GPL. Basi kiini cha Helsinki na vyombo vya Boston vikaungana, wala hapakuhitajika mkataba, mkutano au ada. Watu wengi huuita mfumo huo Linux. Stallman ashikilia kwamba uitwe GNU/Linux, na kwa maoni yangu historia iko upande wake, ijapokuwa ulimi wa watu haupendi majina marefu.

Kiini hicho chenyewe kimenenepa. Mwaka 2020 kilipita mistari milioni 27. Usistaajabu basi nikikuambia kwamba hicho hicho ndicho kinachofufua kompyuta kuukuu. Sehemu kubwa ya mistari hiyo ni maelezo ya kuvitambua vifaa vya kila namna, na mashine yako haipakii ila yale yanayoihusu. Tena kila kilicho juu ya kiini chaweza kuchaguliwa. Dirisha, rangi, menyu, programu ya kutazama picha: hakuna hata kimoja kilichogongomelewa. Atakaye nyumba ya ghorofa aijenge, na atakaye kibanda safi cha chumba kimoja akijenge juu ya msingi ule ule.

Wajenzi wa vibanda walijitokeza mmoja mmoja, kila mmoja katika nchi yake. Mwaka 1993 Ian Murdock, Mmarekani, alianzisha mkusanyo uitwao Debian, ambao uliweka kiini na maelfu ya programu mahali pamoja kwa utaratibu, na mikusanyo mingi iliyofuata ilizaliwa nao. Mwaka 1996 Mfaransa Olivier Fourdan alianza Xfce, yaani sura ya kiooni isiyokula kumbukumbu nyingi. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, na jambo lake lilikuwa la ajabu kwa wakati ule: uliweka CD katika kompyuta, ukaiwasha, na mfumo mzima ukafanya kazi kutoka kwenye CD pasipo kuigusa diski. Ukiitoa CD, kompyuta hurudi kama ilivyokuwa. Mtu aliyeogopa kuharibu aliweza sasa kuonja kabla ya kupakua.

Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia alitoa Puppy Linux, jina ambalo lilikuwa la mbwa wake. Mfumo huo ulikuwa mdogo hata uliweza kupakiwa wote kumbukumbuni, kwa hiyo kompyuta ambayo diski yake imekufa kabisa ilitembea tena. John Andrews wa Marekani alijiwekea mpaka mkali zaidi katika mkusanyo wake wa Damn Small Linux: kila kitu, pamoja na programu ya kuandikia na ya kusomea mtandao, kisizidi megabaiti 50. Huko Taiwan, Hong Jen Yee alianza mwaka 2006 sura nyingine nyepesi iitwayo LXDE. Hakuna aliyewaajiri watu hawa wafufue mashine za shule za Afrika. Wengine walipenda mashine zao za zamani, wengine walipenda mchezo wa kutosheza vitu vingi mahali padogo.

Afrika nayo haikukaa kando. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitoa mkusanyo uliojengwa juu ya Debian akauita Ubuntu. Hilo ni neno la Kizulu na Kikhosa, na wewe huhitaji kamusi ili ulielewe, maana ni ndugu wa neno letu utu. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mtu aliyeziomba CD zake aliletewa kwa posta bila malipo, jambo lililowafaa sana wale ambao intaneti yao ilikuwa ya kuchuruzika kama mfereji mbovu. Kutokana na Ubuntu ulitoka Lubuntu, ambao mwanzoni ulikuwa na sura ya LXDE, kwa ajili ya kompyuta zenye nguvu kidogo.

Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi ambayo menyu zake zote zilisema Kiswahili. Ungeweza kudhani kwamba tafsiri haihusiani na kompyuta kuukuu, lakini zote mbili zasimama juu ya haki moja. Waliotafsiri hawakuhitaji kumshawishi mwenye kampuni kwamba wasemaji wa Kiswahili ni soko lenye faida. Msimbo ulikuwa wazi; waliufungua, wakabadilisha maneno, wakaufunga. Mwenye kuondoa pambo ili mashine dhaifu ipate nafuu hufanya vivyo hivyo kwa chombo kingine.

Wakati huo wote kompyuta kuukuu zilikuwa zikija kwetu. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha vipakatalishi kila baada ya miaka michache, na vile vya zamani husafishwa vikauzwa Nairobi na Mombasa, ambako wauzaji huviita vya ng'ambo kwa fahari, kama kwamba uzee wao ni cheo. Mzazi mwenye kipato cha kadiri hununua hicho, si kipya, wala simlaumu. Chuma chake mara nyingi ni kigumu kuliko cha vipya vya bei rahisi. Lakini kifo cha pili humfuata. Microsoft iliacha kuilinda Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Ilipotoa Windows 11 haikutaka kumbukumbu tu, bali kifaa maalumu cha usalama na prosesa zilizotolewa, kwa kiasi kikubwa, kuanzia mwaka 2018 au karibu na hapo. Kipakatalishi kilichouzwa kikiwa kipya mwaka 2016, chenye kumbukumbu ya kutosha na kioo kisicho na doa, kilifungiwa mlango. Tarehe 14 Oktoba 2025 ulinzi wa kawaida wa Windows 10 ukaisha pia, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa muda.

Kumbuka pia mahali mashine hizo zinapokwenda zikitupwa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilieleza kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitoa taka za vifaa vya umeme tani milioni 62, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitishwa kukusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Ndani ya taka hizo mna risasi na zebaki, na mna pia vipakatalishi vilivyo vizima.

Kazi ya kufufua yenyewe si ndefu, nami nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa mikono hujifunza upesi kuliko macho. Kabla ya yote toa nakala ya kila kilichomo ambacho mwenyewe atakihitaji. Asiyefanya hivyo ataulizwa picha za harusi akakosa jibu. Fungua mashine, ipulize vumbi, maana joto hupunguza mwendo. Kisha pakua mkusanyo mwepesi, mathalani Lubuntu, Puppy au antiX, uuandike kwenye flashi, na uiwashe kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo. Utaonja kwanza, kama Knopper alivyotufundisha. Jaribu sauti, jaribu mtandao usiotumia waya, jaribu kuandika. Vyote vikitii, ruhusu mfumo uingie diskini. Utaona kwamba ulio mwepesi hasa huamka ukiwa umetumia megabaiti mia chache tu za kumbukumbu, mahali ambapo ule wa zamani ulikuwa umekwisha kula gigabaiti nzima na zaidi kabla hujafungua chochote. Ukiwa na fedha kidogo, ziweke katika kuongeza kumbukumbu, au katika diski isiyo na sehemu zinazozunguka. Hapana shilingi itakayokurudishia faida upesi kuliko hiyo.

Walakini nisingekuwa mwalimu mwaminifu kama ningekuacha uamini kwamba maiti wote hufufuka. Mfumo mwepesi hupunguza uzito wa nyumba, lakini haupunguzi uzito wa wageni. Kurasa nyingi za mtandao za siku hizi zimejaa video na matangazo, na kipakatalishi chenye gigabaiti moja kitasota mbele yake hata ukitie mfumo gani. Programu zilizoandikwa kwa Windows hazikubali zote kuhamia. Mhasibu aliyezoea moja yao ataona amenyang'anywa mkono wa kuume. Betri iliyokufa itabaki imekufa. Baadhi ya vifaa vya mtandao na vya kupiga chapa hukataa kabisa kutambulikana, kwa sababu watengenezaji wake waliyaficha maagizo yake, na hapo twarudi pale pale alipokuwa Stallman mwaka 1980.

Tena watunzaji wa programu huria nao huchoka. Toleo la 3.8 la kiini cha Linux, lililotoka Februari 2013, liliacha kuitambua prosesa ya 386. Mashine ile ile ambayo Torvalds aliinunua mwaka 1991, na ambayo juu yake mfumo wote ulizaliwa, haiwezi kuuendesha mfumo wake wa leo. Ubuntu uliacha mwaka 2017 kutoa toleo lake la kawaida kwa mashine za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, nayo haiwekwi tena katika mashine hizo. Utasema: basi kuna tofauti gani na Microsoft? Nami nimelifikiri swali hili mara nyingi, kwa kuwa wanafunzi hulileta kila mwaka, na wana haki ya kuliuliza.

Tofauti yaonekana siku inayofuata baada ya kuachwa. Windows XP ilipoachwa, hakuna mtu nje ya kampuni aliyekuwa na ruhusa ya kuendelea kuitengeneza, hata kama angekuwa tayari kuifanya kazi hiyo usiku na mchana bila ujira. Debian na Ubuntu zinapoziacha mashine za biti 32, msimbo hubaki mezani. Mkusanyo wa antiX, ambao asili yake ni Ugiriki, ulitolewa mwaka 2023 kwa mashine za biti 64 na za biti 32 pia. Na John Andrews, ambaye Damn Small Linux yake ilikuwa imelala miaka mingi, alirudi mwaka 2024 na toleo jipya alilolijenga juu ya kazi ya hao wa antiX. Hakuweza tena kukitosheza kila kitu katika megabaiti 50. Mpaka wake sasa ni megabaiti 700, kipimo cha CD moja, na zipo kompyuta za umri mkubwa ambazo hazijui kuamka kwa flashi lakini CD bado zaisoma.